Nataka kumnunulia baba kadi ya picha ya kompyuta, kaka anasema namdekeza

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 34, naishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Baba yangu ana miaka 71, yuko Tanga, na tangu mama alipofariki mwaka juzi anakaa na kijana mmoja tu wa kumsaidia kazi za nyumbani.

Baba alikuwa fundi wa ndege. Miaka yote ya kazi alifungua injini na kuzifunga, ndege wakarusha wengine, yeye akabaki chini na tambara lake la grisi. Hakuwahi kulalamika. Ila tulipokuwa wadogo alikuwa anatupeleka Jumapili kuangalia ndege zikitua, na unamsikia anaongea peke yake: "Amechelewa kushusha vibawa. Haya, punguza moto. Punguza."

Mwaka 2019 nilimnunulia Kariakoo kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama. Ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5-4590, ram (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, hadi diski ya kawaida (ghala la mafaili) ya GB 500, na haina kadi ya picha yake yenyewe, kile kipande kinachochora picha za kwenye kioo, inatumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Kioo chake ni kidogo, inchi 19. Binamu yangu akamwekea Microsoft Flight Simulator X (FSX), gemu la kurusha ndege la mwaka 2006, pamoja na joystiki. Wakati mama yupo lilikuwa jambo la mwisho wa wiki. Sasa ni kila jioni baada ya Isha.

Anarusha ndege ndogo ya Cessna 172 kutoka Tanga hadi Unguja, halafu anarudi kesho yake. Ana daftari la kaunta. Kila safari anaandika tarehe, saa ya kuruka, saa ya kutua, upepo, na maelezo. Nilipokwenda sikukuu ya Idi nikalifungua. Karibu kila ukurasa kuna mstari kwa mwandiko wake ule wa kulala: "Picha imeganda kuikaribia Unguja. Tumetua hivyo hivyo." Kurasa nyingine: "Mashine imejizima. Safari haikukamilika." Nililia, mshauri. Mawingu ameyazima na majengo ameyapunguza ili gemu liende, kwa hiyo anaruka kwenye anga tupu.

Siku hiyohiyo binamu alimwonyesha kwenye simu video ya Flight Simulator mpya. Baba akasogea karibu, akavaa miwani, akasema, "Eh! Siku hizi mpaka Ngome Kongwe inaonekana!" Hapo nikaamua.

Nimeweka akiba shilingi laki nane. Muuzaji mmoja amenipa kadi ya RTX 3060 iliyotumika kwa laki sita na nusu, na pawa saplai (kile kifaa cha kuilisha kompyuta umeme) kwa laki moja. Anasema "itaingia tu, dada, usiogope". Mpango wangu ni kumwahi baba akiwa Pangani kwenye harusi ya jamaa, nimpeleke fundi nyumbani, arudi akute kila kitu tayari.

Tatizo ni kaka yangu mkubwa, yuko Mwanza. Anasema mzee wa miaka 71 hanunuliwi gemu, kwamba namdekeza, kwamba baba anakaa kwenye kiti hicho mpaka saa sita usiku na miguu inamvimba, na kwamba bati la jikoni linavuja. Tumefikia kutokujibizana kwenye kundi la familia. Na baba mwenyewe si mtu wa kupokea vitu. Simu niliyompelekea mwaka jana iko kabatini, nailoni yake haijabanduliwa.

Nifanye nini? Ninunue, au nimsikilize kaka?

Binti wa fundi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Na poleni kwa msiba wa mama. Mwaka juzi ni juzi kweli, hasa kwa mtu anayebaki kwenye nyumba ileile na vyombo vilevile.

Umeniuliza kama ununue au umsikilize kaka. Barua yako lakini imebeba zaidi ya hilo. Kuna baba ambaye jioni zake zimepata mahali pa kwenda. Kuna mashine inayomkatisha njiani. Kuna kaka anayeona miguu iliyovimba, na kuna wewe uliyefungua daftari ukaona kitu ambacho hukuambiwa. Yote haya umeyabebesha kadi moja ya picha. Tuyatenganishe kwanza, kisha utaona mwenyewe lipi ni la fedha na lipi si la fedha.

Nianze na mashine. Nimekaa na fundi ninayemwamini tukaipitia barua yako, na kilichomshika yeye ni lile daftari.

Kutoka Tanga hadi uwanja wa Unguja kwa anga ni kama kilomita 125. Cessna 172, ukihesabu kupanda na kujipanga kutua, inachukua takriban dakika 40. Kwa hiyo baba anapoandika "imeganda kuikaribia Unguja", mambo mawili yametokea kwa pamoja: amefika mahali penye vitu vingi vya kuchorwa, na mashine imekwisha kufanya kazi nzito kwa zaidi ya nusu saa. Lipi linaigandisha? Ukisoma haraka utasema ni mahali. Lakini uliandika pia kwamba mashine hujizima. Kompyuta inayojizima katikati ya kazi mara nyingi ina joto lililopita kiasi, au umeme wa ndani umeelemewa. Na prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe kabla haijafikia kuzima, na hapo picha inaanza kukwama.

Kulijua hili hakuna gharama. Siku moja kompyuta ikiwa imepoa, baba aanzie safari Unguja badala ya Tanga. Ikikwama palepale mwanzoni, juu ya mji, basi mahali ndipo penye mzigo: hadi diski inachelewa kuleta ramani, ram ya GB 4 imejaa, au kuchora kwenyewe kunashinda. Ikienda vizuri Unguja halafu ikaganda baada ya nusu saa akiwa juu ya bahari, ambako hakuna cha kuchora isipokuwa maji, mnatafuta joto. Kompyuta iliyotoka Kariakoo mwaka 2019, ikakaa Tanga na chumvi ile ya bahari na vumbi, bila shaka feni yake ina blanketi la uchafu, na ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni imekauka. Kusafisha na kupaka mpya ni kazi ya saa moja.

Kuna kipimo kingine. Akiwa ndani ya FSX, abonyeze Shift na Z pamoja, arudie mpaka fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde, zionekane juu ya kioo. Kisha ashushe ukubwa wa picha na aangalie tena. Namba ikipanda sana, sehemu ya picha ndiyo iliyokuwa imezidiwa, na kadi itasaidia. Isipopanda, prosesa ndiyo inayochoka, na hapo kadi ya laki sita haitabadilisha kitu utakachokiona. FSX ni gemu la mwaka 2006 na mzigo wake mkubwa huutupa kwenye prosesa. Ndege nyingine angani, magari barabarani, majengo na miti, hayo yote ni ya prosesa. Mawingu mazito na mng'aro wa maji ndiyo huielemea zaidi kadi. Baba amezima mawingu na kupunguza majengo. Kwa hiyo amegusa pande zote mbili, na yeye anajua ni lipi lilimsaidia. Muulize.

Sasa hiyo RTX 3060. Muuzaji wako hakukosea aliposema itaingia, maana kwenye sloti, tundu la kuchomekea kadi, itaingia. Suala ni itakula nini. Kadi hiyo hutumia wati 170. Sloti yenyewe inatoa wati 75 tu, zinazobaki lazima ziletwe na waya kutoka kwenye pawa saplai. OptiPlex 9020 ya kusimama ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 290 isiyo na waya huo. Utaniambia ndiyo maana umeuziwa pawa saplai mpya. Sawa, lakini mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya 9020 hailishwi kwa plagi ya kawaida ya pini 24. Ina plagi yake ya pini 8, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haichomeki bila adapta maalumu. Adapta hizo zipo, ila mwulize muuzaji kama anajua hivyo na kama anayo mkononi. Akishangaa, umepata jibu kuhusu "usiogope" yake.

Na hata mkiiwasha ikawaka, ile prosesa ni ya mwaka 2014 na kioo ni cha inchi 19. Sehemu kubwa ya nguvu uliyoilipia itakaa bila kazi.

Mashine za aina hii hupewa kadi zinazotosheka na wati 75 za sloti, zisizohitaji waya. Mbili zinazojulikana ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote za GB 4. Mimi ningeegemea 1650, kwa sababu Nvidia, kampuni ya kadi hizi, imeshaacha kuitolea 1050 Ti draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za magemu. Uwe macho, 1650 nyingine zinakuja na tundu la waya wa pini 6, na hizo hazikufai. Angalia pia kasha la baba ni lile refu kweli au ni lile jembamba linalosimamishwa kwa ubavu, maana jembamba linataka kadi fupi. Kadi hizi sokoni zina bei ya chini sana kuliko hiyo 3060.

Zina hatari yake nazo. Kuna kadi za zamani zilizochezewa programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huziumbua nyingi kwa kuandika neno FAKE kabla ya jina. Usilipe kabla kadi haijachomekwa mbele yako dukani na kufanya kazi nzito kwa nusu saa, na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti.

Kabla ya hiyo kadi kuna hatua ambayo wengi huiruka: kuongeza ram ifike GB 8 au 16, kwa vipande viwili vinavyolingana, na kuhamisha Windows na gemu kwenye SSD, diski yenye kasi kuliko hadi diski. Kwa kuwa sasa picha inakopa ram ileile ya kompyuta, ram ikiongezeka hata picha inapumua. Huenda baba akaridhika hapo. Huenda asiridhike, na utakuwa umetumia sehemu ya akiba ukabaki unahitaji kadi vilevile. Siwezi kukuahidi.

Njia nyingine ni kuweka akiba zaidi ununue mashine nyingine ya kizazi cha karibuni. Hiyo ni kwa sababu ya lile gemu jipya. Flight Simulator ya 2020 kiwango chake cha chini kabisa ni i5-4460, ndugu wa damu wa prosesa ya baba, pamoja na ram GB 8, nafasi ya GB 150 kwenye diski na intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde. Maana yake, ukishaongeza ram na kadi, itafunguka, kwa shida. Ile ya 2024 mashine yake haifikii hata kiwango cha chini. Na ile Ngome Kongwe aliyoiona haikai ndani ya kompyuta. Gemu huvuta picha za dunia kutoka mtandaoni wakati ndege inaruka, jioni baada ya jioni. Nani atalipia bando, wewe ukiwa Dar? Na mwezi usipokuwa na nafasi, baba atakuambia, au atanyamaza?

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kidogo kuhusu yeye.

Umesikia "Eh! Mpaka Ngome Kongwe inaonekana!" ukaisikia kama ombi. Inawezekana ni ombi. Inawezekana pia ni mzee amefurahia kitu kizuri kwenye simu ya kijana, basi. Nasema hivi kwa sababu ya daftari. Mtu anayeandika upepo na saa ya kutua, na kuandika "tumetua hivyo hivyo", hachezi kwa ajili ya mandhari. Anafanya safari. Pengine kinachomuuma ni ule mstari wa "safari haikukamilika", na mawingu wala hayamo akilini mwake. Au pengine mawingu ndiyo yenyewe, kwa sababu mtu aliyezitazama ndege kutoka chini miaka yote anataka siku moja kuyapita. Mimi sijui, na wewe, mwanangu, naona kama bado hujamuuliza.

Mpango wa kumwahi akiwa Pangani naomba uutazame tena kwa macho yake. Baba yako ni fundi wa ndege. Katika kazi yake hakuna kinachofunguliwa bila kuandikwa, na aliyekifunga anasaini. Atarudi harusini akute kasha lake limefunguliwa na mtu asiyemjua, limefungwa, na hakuna aliyesaini. Labda atafurahi kwa ajili yako. Labda kadi itakuwa na jirani kabatini. Ile simu sidhani aliikataa kwa sababu hakutaka zawadi. Nadhani ilifika ikiwa imekwisha kuamuliwa.

Je, ikiwa yeye ndiye anashika bisibisi? Kusafisha feni, kupachika ram, kuchomeka kadi isiyo na waya, hakuna lolote hapo linaloshinda mikono iliyofunga injini. Wewe ukashika tochi. Hatari yake ni kwamba unaweza kumwambia akasema "usijisumbue, inatosha hivyo", na ukakosa furaha uliyoipanga. Wazazi wa rika lake hujibu hivyo hata wakiwa wanataka. Utahitaji kuuliza kwa namna ambayo hailazimishi ndiyo wala hapana. "Baba, kwa nini inaganda Unguja tu?" ni swali la fundi kwa fundi, na nadhani atakuvutia kiti.

Kaka yako naye nisimpite. Umeniandikia maneno yake makali, lakini umeandika na miguu inayovimba, na hiyo ni kweli uliyoipata kwake. Miguu ya mzee wa miaka 71 inayovimba inastahili kuonwa na daktari, awe na kompyuta au asiwe nayo, na jambo hilo lisisubiri mjadala wa kadi. Kukaa sana huweza kuchangia. Kuna na sababu nyingine ambazo daktari tu ndiye wa kuziangalia. Kaka yuko mbali, hana daftari mkononi, anachokiona ni baba aliyejifungia. Wewe unaona baba aliyepata pa kwenda. Huenda nyote mnamwogopea jambo moja, kwamba anaondoka polepole kama mama, na kila mmoja amelipa jina lake. Je, amewahi kuliona daftari? Mpige picha kurasa chache umtumie yeye peke yake, nje ya kundi. Usiongeze hoja.

Na kuhusu bati la jikoni, kama njia utakayoichagua itakuachia chenji kwenye hizo laki nane, jambo hilo mnaweza kulizungumza mkiwa mmetulia. Kama haitaachia, bado hujamkosea mtu. Hizo ni fedha zako na huyo ni baba yako.

Kuna dogo la mwisho kwa upande wa mashine. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi mpya kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hiyo haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa FSX isiyohitaji mtandao si jambo la kukukosesha usingizi, lakini kama baba huifungulia barua pepe au mambo ya benki, hilo liingie kwenye hesabu yako ya kununua mashine nyingine au kuitengeneza hii.

Anza na safari ya kutokea Unguja mashine ikiwa imepoa. Ukipata majibu, niandikie imeganda wapi na dakika ya ngapi, na baba amesema nini.